Kuuliza Si Ujinga: Utafiti wa Saikolojia Uanzie Hapa Shuleni

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

 Nina donge rohoni ambalo ningependa kulitema kabla sijaondoka shuleni.

Donge hili lilinikwama muhula uliopita, siku ile tulipoletewa mgeni wa kutuzungumzia kuhusu kazi za baadaye. Mliokuwa ukumbini mnakumbuka. Wenzangu walisimama mmoja mmoja wakataja udaktari, uhandisi, uanasheria na urubani, wakapigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema nataka kusomea saikolojia hadi shahada ya uzamifu, niwe mtafiti. Lo! Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Huyo anataka kuchunga vichaa!" Mgeni wetu naye, kwa nia njema kabisa, akanituliza: "Kijana, utafiti ni wa watu wenye digrii. Pita mtihani kwanza, mengine utayaona huko mbele."

Niliketi nikanyamaza, maana mkubwa hajibizwi mbele ya watu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kwani akili ya kuuliza maswali hugawiwa watu siku ya mahafali, pamoja na joho? Maoni yangu ni la. Nasema mwanafunzi anayetaka kufika mbali katika saikolojia aanze kutafiti akiwa hapa hapa sekondari, tena shule imsaidie kuanza vizuri. Nikisema "vizuri" nina sababu, kwani mimi nilianza vibaya na mtu mwingine akaumia. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane. Saikolojia si elimu ya wazimu. Ni elimu ya nafsi na mwenendo: jinsi tunavyokumbuka na kusahau, kwa nini mtu anayejua jibu hutetemeka akiitwa ubaoni, vipi mtoto mchanga hujifunza kumwamini mama yake, kwa nini watu wapole wakikusanyika pamoja huweza kugeuka kundi la fujo. Hayo yote yako hapa shuleni, tena tele. Serikali nayo inaitambua kazi hii. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014.

Pili, mniruhusu niwaeleze kuhusu binamu yangu. Alisomea saikolojia miaka minne, akapata alama nzuri, akaomba nafasi ya shahada ya uzamili. Kwenye mahojiano hakuulizwa alipata alama ngapi, kwani hizo zilikuwa kwenye karatasi mbele yao. Aliulizwa, "Ni swali gani ungependa kulichunguza, na umewahi kuchunguza nini?" Alikodoa macho tu. Miaka yote minne alikuwa amekariri majibu ya watu wengine. Mwaka huo alikosa nafasi. Alikaa mwaka mzima akimsaidia mhadhiri mmoja kuhoji kina mama kwenye zahanati na kuingiza majibu yao katika kompyuta, malipo yakiwa nauli na chakula cha mchana. Alipoomba tena, alikuwa na la kusema, na akakubaliwa. Krismasi iliyopita aliniambia, "Ndugu yangu, wewe usingoje kama mimi. Asiyezoea kuuliza hata akipewa maabara atalala humo."

Kwa wale wanaoota kwenda ng'ambo, mambo ni yale yale. Marekani, kwa mfano, mtu anaweza kuingia masomo ya uzamifu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na wengi huondolewa karo na kupewa posho huku wakisaidia katika utafiti au ufundishaji. Kwa sababu hiyo wanaochagua huchagua kwa makini. Wanataka barua za wahadhiri waliomwona mwombaji akifanya utafiti, na maelezo ya swali analotaka kulifuatia. Tangu mwaka 2020 idara nyingi za saikolojia huko zimeacha kudai mtihani wa GRE. Basi tajiriba ndiyo inayombeba mtu.

Lakini msidhani nasema haya kwa ajili ya vyeti pekee. Kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 2010, watafiti watatu wa Canada, Henrich, Heine na Norenzayan, waliwaonyesha wanasaikolojia wenzao kitu cha aibu. Katika majarida makubwa waliyoyataja, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi tajiri za Magharibi, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya huko. Yaani vitabu vinaposema "binadamu hufikiri hivi," mara nyingi binadamu huyo ni kijana wa chuo huko Marekani. Je, mimi na wewe tuliulizwa lini?

Pale Waafrika walipoulizwa, majibu yaliwashangaza wengi. Tazama mifano michache.

Mwaka 1954, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda akawatembelea kina mama 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akawatazama wakilea watoto wao. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Leo mafunzo ya jinsi mtoto anavyoshikamana na mama yake hufundishwa vyuoni kote duniani, na wengi wanaoyafundisha hawakumbuki kuwa sehemu ya mizizi yake imo katika nyumba za Waganda.

Mfano wa pili utawafurahisha waliowahi kuunda magari ya waya. Mwaka 1979, Robert Serpell alichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Walipoambiwa wachore kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Walipopewa waya wa kuunda vitu, Wazambia wakashinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walitoshana. Sasa ukipima akili kwa kalamu peke yake, utasema nani mjinga?

Wa tatu unahusu tumbo. Kuna jaribio mashuhuri ambalo mtoto huwekewa kitu kitamu mezani, akaambiwa akivumilia bila kukila atapewa cha pili. Bettina Lamm na wenzake walilifanya kwa watoto wa miaka minne, Wajerumani na Wanso wa Cameroon, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Wanso waliwekewa andazi la kwao. Karibu asilimia 70 yao walingoja mpaka mwisho, ilhali Wajerumani waliongoja hawakufika asilimia 30. Watoto wengine wa Nso, badala ya kuhangaika, walisinzia pale kitini! Naona sisi tunaongoja uji kila asubuhi kwenye foleni tungefanya vyema pia, lakini hilo ni dhana yangu tu, na dhana si utafiti.

Wa nne uko nyumbani. Huko Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 juu ya dawa za mitishamba. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliojua zaidi kuhusu dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Timu hiyo hiyo ilikuta kwamba Waluo wana maneno manne ya kuelezea werevu: rieko, luoro, paro na winjo. Luoro ni heshima. Kwamba heshima ni sehemu ya akili, jambo ambalo nyanya yangu angelisema bila kupima mtu yeyote.

Mifano hii ni mizuri, lakini ukiichunguza utaona kitu kimoja. Aliyekuja na swali mara nyingi ni mgeni. Sisi tulikuwa watu wa kujibu. Mgeni akiondoka, huondoka na majibu, kitabu huandikwa kwao, nasi hukinunua ghali. Simlaumu mgeni, kwani yeye aliuliza. Najilaumu sisi ambao hatuulizi.

Kuna watakaosema vijana hatuwezi. Hebu wasikie kuhusu Shamiri. Tom Osborn, Mkenya aliyesomea saikolojia Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kazi hii akiwa angali mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Yeye na wenzake walitayarisha vikao vinne vya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari wenye huzuni na wasiwasi mwingi. Vikao havikuendeshwa na madaktari bali na vijana waliomaliza sekondari karibuni. Waliwajaribu wanafunzi 413 wa shule za Nairobi na Kiambu, wenye umri wa miaka 13 hadi 18, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapata vikao hivyo na nusu wakafundishwa mbinu za kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: waliopata vikao vya Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi zaidi ya wenzao. Nani tena aseme utafiti ni wa wazee wenye mvi?

Tena mlango uko wazi. Mashindano ya sayansi ya shule za sekondari, yale ambayo wazazi wetu waliyaita Sayansi Kongresi, yana kitengo cha sayansi ya tabia. Kila mwaka tunapeleka dawa ya mbu na mashine ya kupura mahindi. Kitengo cha tabia hatukitazami. Mimi nilikitazama, na hapo ndipo penye kidonda changu.

Nilikuwa kidato cha pili, mwaka 2024. Mimi na mwenzangu wa dawati tulitaka kuchunguza upweke wa wanafunzi wapya. Tukaandika hojaji ya maswali kumi, tukawavamia mamono 38 wakati wa prepu, tukawaambia, "Jazeni haraka, ni lazima." Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Tuliwaagiza waandike nambari zao za usajili juu ya karatasi, eti tusichanganyikiwe. Kisha nikazitia karatasi hizo kwenye dawati langu lisilo na kufuli, nikaenda kulala nikijiona profesa.

Baada ya siku mbili, karatasi moja ilisomwa kwa sauti bwenini baada ya taa kuzimwa. Mvulana mmoja alikuwa ameandika kuwa hulia chooni usiku ili asisikike, na kwamba mama yake alikuwa ameondoka nyumbani. Ukweli huo alikuwa ameutoa kwa sababu sisi tulimwambia ni lazima. Bweni lilicheka. Alibandikwa jina ambalo sitalirudia. Akaacha kula kwenye bwalo, na baada ya likizo fupi hakurudi kwa majuma mawili. Nyanya yake ndiye aliyemleta, akamshika mkono mpaka ofisini.

Mwalimu wetu wa ushauri nasaha hakunichapa. Laiti angenichapa! Alinituma nikamwombe msamaha yule kijana mbele ya nyanya yake. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Ulimwomba mtu siri yake, akakupa. Sasa umeirudisha wapi?"

Leo kijana huyo yuko kidato cha tatu, na sisi ni marafiki. Kabla ya kuandika makala haya nilimwomba ruhusa, nikampa asome. Aliniambia niondoe jambo moja, nikaliondoa. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Tangu kisa hicho nimesoma kanuni ambazo watafiti wakubwa hufuata, nikagundua zimeandikwa kwa sababu ya watu walioumizwa kama rafiki yangu. Mtafitiwa aelezwe kitakachofanywa, akubali kwa hiari, na awe huru kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Akiwa hajatimiza miaka 18, mzazi wake akubali na yeye mwenyewe akubali pia. Jina lake lisionekane. Karatasi zifungiwe. Na kabla hujauliza swali linalogusa jeraha, ujue nani atamshika mkono akianza kulia. Utafiti rasmi nchini huhitaji kibali cha NACOSTI pamoja na idhini ya kamati ya maadili, na mtu wa uzamili asiyejua hayo hatoki mlangoni.

Mwaka uliofuata tulijaribu tena, chini ya mwalimu huyo huyo. Swali letu lilikuwa dogo: je, anayelala saa nyingi hukumbuka maneno mengi zaidi asubuhi? Mnajua tunavyoshindana kuamka saa tisa usiku tukasome na taa za tochi. Tulipata kibali cha mwalimu mkuu, tukazungumza na wazazi siku ya kutembelewa, tukapata wanafunzi 24 waliojitolea. Kila mmoja alipewa nambari ya siri. Tuliwasomea maneno 20 ya Kiswahili, tukahesabu waliyoyakumbuka.

Waliolala zaidi walikumbuka zaidi kidogo. Tulifurahi kweli! Tukafika ngazi ya kaunti, na hapo jaji mmoja mwanamke akatuuliza kwa upole, "Mnajuaje kwamba ni usingizi? Pengine wanaokesha ni wale ambao tayari wana shida darasani." Tukatazamana. Hatukuwa na jibu. Hatukwenda taifa, lakini siku ile nilijifunza tofauti ya mambo mawili kuandamana na jambo moja kusababisha lingine, somo ambalo binamu yangu anasema alilielewa akiwa mwaka wa tatu chuoni.

Na sasa nyinyi wanachama wa Kiswahili, msijione mko kando. Mwaka ule tulipokuwa tukiandaa maswali tulipata hojaji ya Kiingereza inayomuuliza mtu kama "ana buluu," maana yake ana huzuni. Mwenzetu mmoja akaitafsiri kwa bidii: "Je, wewe hujihisi samawati?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini fikirieni: kama swali hilo lingefika kijijini, mama mwenye huzuni kubwa angejibu la, na mtafiti angeandika kwamba mama huyo hana tatizo. Wataalamu huzuia makosa hayo kwa kumpa mtu mmoja atafsiri, na mwingine asiyeona maandishi ya kwanza arudishe kwenye lugha ya awali, kisha hulinganisha. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua lugha. Watu wetu hawasemi "nina sonona." Husema "nina mawazo mengi," au "moyo umechoka." Asiyejua semi hizo hata akiwa na shahada tatu hatauliza swali sawasawa. Lugha yetu ni chombo cha sayansi, si cha ngonjera tu.

Basi napendekeza haya. Shule iunde kikundi kidogo cha utafiti wa tabia chini ya idara ya ushauri nasaha, na Chama cha Kiswahili kikisaidie kuandika maswali. Hojaji yoyote isigawiwe kabla ya mwalimu kuipitia, na kabati moja lenye kufuli litengwe. Tuanze na maswali yasiyochoma, kama vile usingizi, kumbukumbu, kelele darasani au hofu ya mtihani wa hisabati. Na kuhusu hisabati, ndugu zangu wa mrengo wa lugha, msiikimbie. Takwimu ndiyo uti wa mgongo wa saikolojia, na wengi huachia njiani kwa sababu yake.

Mtakaofika chuoni, msikae miaka minne mkimeza noti. Mwaka wa kwanza tu, mwendeeni mhadhiri ofisini mkamuulize anachunguza nini na kama anahitaji mtu wa kunakili, kuhoji au kuhesabu. Wekeni daftari la maswali. Mradi wenu wa mwaka wa mwisho msiununue kwa waandishi wa kukodiwa, kwani huo ndio mtakaoulizwa mlangoni mwa uzamili, na aliyeuandika hatakuwapo kuwajibia.

Najua baadhi ya walimu wetu wataguna kwamba muda hautoshi na mtihani wa taifa uko mbioni. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe mtihani huo unanikondesha. Lakini tunatenga Jumamosi nzima kwa sinema. Saa moja ya kujifunza kuuliza haitaangusha alama ya mtu. Wengine watahofia kuwa visa kama changu vitarudiwa. Nasema vitarudiwa tukiachwa tujaribu kwa kujificha. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga, lakini mimi naongeza: mpe akiwa na mwalimu kando yake.

Na wewe uliyenicheka pale ukumbini, sina kinyongo. Nikirudi hapa na shahada zangu, Mungu akipenda, nitakuja na karatasi ya maswali. Nitakueleza ni ya nini, nitakuomba ruhusa, na ukikataa nitakushukuru na kwenda zangu. Ukikubali, majibu yako nitayafungia kabatini.